Askofu na Kibuyu cha Mahari

Sehemu ya Saba

"Huyu mama simtambui kama mke. Ni yaya niliyemwajiri aniangalilie watoto."

Hapo ndipo nilipowakatia utamu wiki iliyopita, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Mama mmoja wa Maweni kanipigia kunitukana mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekula kiapo kile! Mama, tulia. Aliyeapa ni Chengo, dalali wa viwanja, mwanamume aliyekaa na Jedida miaka kumi na mmoja pale Sabaki, akazaa naye watoto watatu, na Desemba akamvunja mkono wa kushoto. Sasa anataka kukiuza kiwanja pamoja na nyumba iliyo juu yake. Sheria inasema mwenye mke hauzi nyumba ya familia mpaka mke atie sahihi. Chengo akaona njia ya mkato: asiwe na mke.

Basi tunaye Jedida mjini Kilifi, katika ofisi ya msaada wa sheria kwa kina mama, mbele ya wakili Bridgit Mwikali. Alikuja kuomba mambo mawili tu: talaka, na nyumba ya kulala watoto wake. Amesomewa kiapo cha Chengo mara mbili na bado hajakiamini.

"Yaya," akasema.

"Ndivyo kilivyoandikwa, dada."

"Na hawa watoto yeye aliwapata wapi? Aliwaokota ufuoni?"

"Hilo hajaeleza. Anasema tu walikuwepo."

Jedida akacheka, kisha akalia, kisha akajifuta kwa leso yake akakaa sawa. Wakili akamsogezea kiti karibu.

"Sikiliza, dada Jedida. Siwezi kukuombea talaka kabla sijathibitisha kwamba uliolewa. Una cheti?"

"Cheti cha wapi? Tulioana kwa mila, nyumbani kwetu Ganze. Watu walikuja, mahari yakatolewa, kadzama ikanywewa."

"Kadzama?" Wakili Bridgit ni Mkamba, mzaliwa wa Makueni. Sheria anaijua yote, lakini hili lilimpita.

"Kibuyu cha pombe ya mnazi cha kuposea. Wazee wa kwetu wakishakinywa, umeolewa. Wasipokinywa, bwana harusi hata alete ng'ombe mia, yeye ni mgeni tu aliyekuja na ng'ombe."

"Picha je?"

"Zilikuwa kwenye simu ya Chengo. Ilitumbukia chooni."

"Ilitumbukia, au aliitumbukiza?"

"Wakati ule nilidhani ilitumbukia."

Wakili akaandika kitu, akakikata. "Kuishi pamoja peke yake mahakama haikubali kwa wepesi siku hizi. Nataka mtu mmoja aliyekuwepo, aliyekunywa kile kibuyu kwa mdomo wake. Nani yupo?"

Jedida akaanza kuwahesabu wazee kwa vidole. Baba yake, Mzee Dena, marehemu. Mzee Kambi aliyekishika kibuyu, marehemu. Ami zake wawili, marehemu. Kidole kimoja kikabaki kimesimama.

"Yupo Mzee Mwambire."

"Basi tumpigie simu sasa hivi!"

"Wakili," Jedida akasema polepole, "huyo si Mzee Mwambire tena. Huyo ni Askofu Mwambire wa Hekalu la Midomo Safi."

Lo!

Kama hulijui Hekalu la Midomo Safi, basi hujapita Malindi siku ya Jumapili. Vipaza sauti vyake vinamwamsha mpaka aliyelala ng'ambo ya mto. Waumini hufunga kitambaa cheupe shingoni, kuonyesha kwamba koo zao hazipitishi kileo. Na kila Jumapili Askofu husimama na kutoa ushuhuda ule ule: kwamba Mungu alimteua akiwa tumboni mwa mamake, na kwamba toka azaliwe hajaonja tone la pombe, si mnazi, si bia, hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza.

Huyo ndiye shahidi wetu.

Kesho yake wakafika nyumbani kwa Askofu. Jedida akapiga goti kidogo mlangoni.

"Bwana asifiwe, Baba Askofu. Shikamoo."

"Amina, marahaba! Ala, si binti wa marehemu Dena huyu? Nilikupakata ukiwa hujaota meno. Mama Askofu, leta chai!"

Mkewe, Dorcas, akaleta chai, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Wakili akaeleza shida. Askofu akaitikia kwa kichwa kila neno, uso umejaa huruma.

"Nilikuwepo!" akasema. "Siku ile naikumbuka kama jana. Mbuzi wawili walichinjwa. Mvua ikanyesha, na Ganze mvua si jambo dogo. Wanawake walipiga vigelegele mpaka punda wakakata kamba."

Wakili akachangamka, akafungua daftari. "Na kadzama ilinywewa, Baba Askofu?"

Askofu akakohoa. "Mama Askofu, hii chai mbona haina sukari?"

"Ina sukari," akasema Dorcas.

"Ongeza."

Dorcas hakuinuka. Wakili akauliza tena, safari hii bila kuzungusha: "Wewe mwenyewe ulikunywa?"

"Mimi nilikuwa karibu na waliokuwa wakinywa."

"Karibu kiasi gani?"

"Upepo ulikuwa ukija upande wangu."

Wakili akaweka kalamu chini. "Baba Askofu, upepo hauozeshi mtu. Waliokunywa wote wamekufa isipokuwa wewe. Ukisema hukunywa, mila haikutimia, ndoa hakuna, na Chengo anauza nyumba wiki hii."

Mzee akakitazama kikombe. Nisiwe mtu wa kumwonea, wasomaji wangu. Nadhani dhamiri ilikuwa ikimkaba kweli. "Mwanangu Jedida," akasema, "nina waumini mia tisa. Wengine waliacha chupa kwa sababu ya ushuhuda wangu. Wana wake, wana watoto ambao sasa wanakula. Nisimame niwaambie nilikuwa nikiwadanganya?"

"Na mimi nina watoto watatu, baba. Wanalala chini ya bati lile. Akiliuza nikawalaze wapi?"

"Nitakuombea."

"Sikuja kuombewa! Nilikuja useme ukweli!"

Askofu akatoboa lililokuwa limebaki tumboni. Chengo ni muumini wake. Jumamosi hii anafungishwa ndoa hekaluni na Dada Zipporah, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hema limeshakodiwa, keki imeshaagizwa. Na mabati yote ya hekalu alitoa nani? Zipporah huyo huyo.

Hapo nilipokuwa nikisimuliwa, mimi mwenyewe nilitaka kukipiga teke kikombe. Mtu anakaa chini ya mabati ya bure, halafu anamwambia mama wa watoto watatu atamwombea!

Jedida akaondoka bila kuaga. Walikuwa wamefika barabarani waliposikia viatu vinaburuzwa nyuma yao. Ni Dorcas, anahema.

"Mwandikieni barua ya mahakama," akasema haraka haraka. "Yenye mhuri. Huyu mume wangu Mungu anamzungusha, lakini serikali anaiogopa."

Akarudi mbio kabla hawajamshukuru.

Alhamisi, mahakama ya Kilifi. Ukumbi umejaa vitambaa vyeupe. Waumini thelathini na zaidi wamekuja kumsindikiza Askofu wao, na mstari wa mbele amekaa Zipporah, gauni la bluu, mkoba mapajani, karibu kabisa na Chengo. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, akauliza kama hii ni kesi au mkesha. Karani akajibu kuwa ni kesi.

Chengo akaapa kwanza. Koti jipya, tai nyekundu, Biblia mkononi.

"Jedida ni nani kwako?" akauliza wakili wake, Laban.

"Yaya, Mheshimiwa."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja. Ni mfanyakazi mzuri, simlaumu."

Wakili Bridgit akasimama kumhoji. "Bwana Chengo, yaya wako analala chumba gani?"

"Chumba... chumba cha ndani."

"Nyumba ina vyumba vingapi vya kulala?"

"Viwili."

"Watoto wanalala kipi?"

"Kimoja."

"Na wewe?"

Chengo akaangalia dari. "Mimi nilikuwa nasafiri sana."

Ukumbi ukacheka. Zipporah hakucheka. Aliusogeza mkoba wake kidogo, na yeye mwenyewe akasogea nao.

Askofu akaitwa. Akashika Biblia, akaapa, akasimama wima. Akasimulia mbuzi, akasimulia mvua, akasimulia punda. Laban akamwacha amalize, kisha akasimama akitabasamu. Huyu Laban ni mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa, na alijua mzigo uko wapi.

"Baba Askofu, kwa mila ya Wagiriama, kadzama isiponywewa, kuna ndoa?"

"Hakuna."

"Wewe hujawahi kuonja pombe maishani mwako. Ni kweli?"

Vitambaa thelathini vikainama mbele. Askofu akafungua mdomo, akaufunga.

"Baba, tunakusubiri."

"Mimi... kile nilichopewa mimi kilikuwa uji."

"Uji?" akauliza hakimu.

"Uji wa mtama, Mheshimiwa."

"Ndani ya kibuyu cha mnazi?"

"Ulikuwa mwepesi."

Jedida alifunika uso kwa leso. Nyumba ilikuwa inamponyoka hivi hivi, kwa uji! Laban alishaanza kusema hana swali zaidi, na Chengo alishaanza kuinyoosha tai yake.

"Mwongo!"

Shingo zote zikageuka. Dorcas alikuwa amesimama katikati ya waumini, kitambaa cheupe amekivua, amekikunja kwenye ngumi.

"Mama, kaa chini," akasema askari wa mahakama.

"Sikai! Nimekaa miaka! Mheshimiwa, mimi ni mke wake wa ndoa. Siku ile nilikuwepo. Huyu alikunywa mpaka akasahau mguu upi unatangulia. Nilimkokota kwa wilibaro kutoka kwa Mzee Dena mpaka kwetu, na njia nzima alikuwa akiimba. Mvua yote ile! Uji gani huo unamwimbisha mtu?"

Hakimu akagonga meza. Karani akasahau kuandika. Wakili Bridgit hakungoja kualikwa: akaomba Mama Dorcas aapishwe. Lakini hapakuwa na haja, kwa sababu Askofu alikuwa ameanza kulia pale pale kizimbani, mabega yanacheza, mzee mzima.

"Nilikunywa," akasema. "Nilikunywa, Mheshimiwa. Niliokoka miaka miwili baadaye. Chengo ndiye aliyekileta kibuyu, alipiga magoti mbele ya Dena, na Dena akasema amempa binti yake. Jedida ni mke wa Chengo. Mungu anisamehe."

Jedida aliachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu Desemba. Wakili akamfinya mkono. Nyumba haiuziki! Watoto wana bati juu ya vichwa!

Tungeishia hapo, ningeweka kalamu chini nikanywe kahawa yangu kwa amani. Lakini Zipporah akasimama.

"Chengo," akasema, sauti tulivu ya mtu aliyezoea kudai madeni kaunta. "Uliniambia ni yaya. Nilimnunulia hata zawadi ya Krismasi. Usikanyage kwangu. Nguo zako utazikuta nje ya geti." Akamgeukia Askofu. "Na wewe baba, mabati yangu nitayafuata Jumatatu."

Akatoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Chengo alibaki amesimama peke yake. Nyumba ya kuuza hana, mchumba hana, pa kulala hana. Nilisimuliwa na aliyekuwepo kwamba ungeweza kuyaona mawazo yakipita usoni mwake moja baada ya jingine. Kisha akapiga magoti. Mbele ya hakimu! Koti jipya na kila kitu.

"Mheshimiwa, naomba kukiri. Ni kweli ni mke wangu. Shetani alinipitia. Nampenda Jedida, Mama Pola wangu, nawapenda watoto wangu. Siuzi tena. Narudi nyumbani leo leo."

Kisha mama mmoja nyuma akalia, "Haleluya!" Na vitambaa thelathini vikaitikia.

Askofu naye, machozi hayajakauka, akaona pale mlango wa kutokea. Mzee huyu, jamani! Akanyanyua mikono miwili. "Mmeona? Mungu amekitumia hata kibuyu! Amenidhalilisha mimi ili aijenge nyumba hii! Na hema la Jumamosi lipo, keki ipo. Tutaibariki ndoa hii upya!"

"Amina!"

Kila mtu ukumbini alikuwa anafuta machozi ya furaha isipokuwa aliyeleta kesi.

"Mheshimiwa," Jedida akasema. "Mimi nimekuja kuomba talaka."

"Nimekusikia, mama. Lakini mumeo anaomba mpatane. Sheria inataka tujaribu usuluhishi kwanza. Mtakwenda kwa msuluhishi, mtarudi hapa baada ya miezi mitatu. Nyumba isiuzwe. Na kwa kuwa ndoa imethibitika, ni nyumba yenu nyote wawili. Asimtoe mtu mwenzake."

Wakili Bridgit akaruka. "Mheshimiwa, huyu bwana alimvunja mkono. Tunaomba amri asimkaribie."

"Limo kwenye ombi lililo mbele yangu?"

"Hapana, Mheshimiwa, tulikuwa bado tunathibitisha ndoa..."

"Basi lilete kwa faili lake, kwa karatasi zake. Kesho nipo."

Rungu likagongwa. Chengo alimpita Jedida akitoka, akamwinamia sikioni. "Nitangulie, mke wangu," akasema. "Usichelewe. Nina njaa."

Kwenye baraza la mahakama wakili alikuwa na furaha na hasira pamoja. "Tumeshinda, dada. Kwa mahakama sasa wewe ni mke, hakuna wa kukukana tena."

"Wakili," Jedida akasema, "mimi nilikuja niache kuwa mke. Mmenithibitisha mpaka mmenirudishia mume."

Bridgit ni msichana mwaminifu, hakujaribu kulipamba hilo. Akasema ataandika ombi la ulinzi jioni hii na kulifungulia faili asubuhi, saa tatu kamili. Akamsihi asilale Sabaki leo. Jedida akasema watoto watakuwa wametoka shule, hawezi kuwaacha na yule mtu. Lakini kwanza ilibidi asubiri dirishani apewe nakala ya amri, na karani alikuwa amekwenda kula.

Alifika Sabaki jua bado kali. Watoto watatu walikuwa wamekaa kwenye vumbi nje ya nyumba, sare za shule mwilini, mabegi mgongoni. Mdogo alikuwa analia bila sauti. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Kuna nini?" akauliza.

"Baba amekuja na begi," akasema Pola, yule mkubwa. "Ametutoa. Amesema tukae hapa mpaka azungumze na wewe."

Simu ikalia. Wakili. "Dada Jedida, uko wapi? Usiingie ndani. Unanisikia? Asubuhi saa tatu nafungua faili."

"Nakusikia."

Kutoka ndani kiti kikaburuzwa, na sauti ya Chengo ikaja hadi mlangoni, tamu kabisa.

"Mama Pola? Ni wewe? Ingia mke wangu. Watoto wabaki hapo nje."

"Dada Jedida! Ni sauti ya nani hiyo?"

Jedida akamtia Pola simu mkononi, wakili bado anaongea ndani yake. Akamwambia awachukue wadogo zake waende kwa jirani, Mama Easter, wasirudi mpaka awafuate mwenyewe. Akasimama akawatazama mpaka wakaupita ua wa jirani. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, penye kuni, akaling'oa shoka kwenye gogo.

Aliporudi mbele, Chengo alikuwa tayari anaufungua mlango.